Jiwe la Kilo Elfu Mbili na Mia Tano

Jumatano, 12 Machi

Mvua ya kwanza ya masika imeshuka saa nne asubuhi na Kibamba yote imegeuka tope. Nimefungua daftari hili kwa sababu masika kazi hupungua na maneno huzidi, na mke wangu Kokuberwa ameniambia maneno yangu niyapeleke kwenye karatasi, yeye ana cherehani inamsubiri. Naandika kama ninavyoandika ripoti, yaani kwa mtu asiyejua lolote. Mimi ni Theonest, umri miaka hamsini na sita, mkaguzi wa winchi na kreni, nimesajiliwa, mhuri ninao.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Winchi ya kunyanyua tani mbili siipi cheti mpaka inyanyue tani mbili na nusu na kuzishikilia hewani dakika kumi bila kuteleza. Hizo tani mbili na nusu ninazo uani kwangu: jiwe la zege, mita moja na kitu kila upande, limeandikwa kwa rangi nyekundu KG 2500. Nina miaka kumi na moja nalo. Nimelizungusha Temeke nzima, Kinondoni, mpaka Msasani kwenye maghorofa ya wenye nazo. Mteja akianza kubishana huwa namwambia, "Mimi sisemi kitu, bwana, ngoja jiwe liseme." Nalipenda sana hilo neno langu.

Leo tulikuwa kiwanda cha matofali hapa hapa Kibamba. Didas, dereva wa lori lenye kreni linalolibeba jiwe, alipolishusha akacheka. "Mzee, jiwe lako nalo limefunga Kwaresima? Mbona jepesi?" Nikamwambia akatengeneze geji yake kwanza ndipo aje na utani. Akaenda kufungua minyororo. Nilimjibu kwa ukali kuliko utani wenyewe ulivyostahili.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Kazi hakuna. Nimechonga penseli zote.

Jumanne, 18 Machi

Kona ya jiwe, ile inayotazama choo, imepasuka lipu. Ufa wa urefu wa kidole. Nimeubonyeza kwa dole gumba, ukabonyea. Nimelifunika jiwe kwa turubai na kulifunga kamba. Kokuberwa alikuwa mlangoni ananitazama. "Baba Praygod, jiwe nalo linapata mafua?" Nikacheka naye.

Ijumaa, 21 Machi

Zege lililomwagwa vizuri halihitaji lipu. Mtu yeyote aliyejenga hata banda la kuku anajua hivyo. Kwa hiyo atakayesoma juu ya ufa wa lipu ameshaanza kujiuliza, na mimi nimekaa siku tatu nikijifanya sikuandika neno hilo. Acha niandike na lililobaki.

Jiwe lilimwagwa Jumamosi moja, miaka kumi na moja iliyopita, kesho yake ikiwa kipaimara cha mwanangu Praygod. Nilimwachia fundi mchanganyiko na vipimo, nikaenda kuhangaika na viti vya kukodi. Siku ya nne nikafungua mbao za boksi peke yangu. Kwenye kona moja, chini kidogo ya ukingo, kulikuwa na kitu cheusi cha ukubwa wa kiganja. Nikakikwaruza kwa bisibisi. Tairi. Fundi alikuwa amebania saruji kwa kutupia matairi ndani ya boksi. Yalikuwa mangapi, sikujua. Nikajiambia ni moja. Nilikuwa nimeshawaahidi wateja watatu kwamba wiki ile naanza kazi na jiwe langu mwenyewe, na aliyelipendekeza jiwe kwa kujisifu ni mimi.

Nikakoroga saruji kwenye karai, nikapiga lipu ile kona, ilipokauka nikaandika KG 2500 kwa rangi. Nilipima urefu, upana na kimo, nikazidisha kwa uzito wa zege safi, hesabu ikatoka vizuri kabisa. Jiwe lenyewe sikulipeleka kwenye mizani hata siku moja.

Niliona. Hilo ndilo ninalotaka liwe limeandikwa. Sikudanganywa na fundi, niliona.

Jumanne, 25 Machi

Mvua kubwa. Barabara ya kwetu imekatika pale kwenye kalavati.

Ijumaa, 28 Machi

Mwenzangu wa kazi ni Vaileth, mama wa watoto wawili, mtu wa Mbeya, fundi sanifu mwenye cheti kizuri kuliko changu. Ana miaka mitano ofisini kwangu, yaani kwenye chumba cha mbele. Fomu ya upimaji huwa na sahihi mbili, yangu na yake.

Leo alikwenda uani kuangalia ndoano ya jiwe, akafungua turubai. Akarudi, akasimama mbele ya meza yangu.

"Shikamoo mzee," akaniambia, wakati asubuhi tulishaamkiana.

"Marahaba. Kuna nini?"

"Hili jiwe lilishawahi kupimwa kwenye mizani?"

"Umeajiriwa kukagua winchi au kunikagua mie?"

"Nimeuliza tu, mzee."

"Basi umeshauliza."

Mchana tulikwenda kupima winchi ya duka la mabati Tandale. Ilishika dakika kumi, safi. Vaileth akajaza fomu yote kwa mwandiko wake wa kishule, tarehe, namba ya winchi, hali ya mnyororo. Mahali pa sahihi aliandika jina lake kwa herufi kubwa, sahihi hakuweka. Nilimwona. Nikagonga mhuri juu yake.

Jumatano, 2 Aprili

Nimekwenda kuungama kabla foleni ya Pasaka haijawa ndefu. Nimeungama hasira. Nimeungama wivu kwa shemeji yangu aliyejenga ghorofa. Nimeungama kusengenya kamati ya ujenzi ya parokia. Padre akauliza, "Kuna lingine, mzee?" Nikasema hakuna. Akanipa sala tatu, nikazisali zote kwa makini sana.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua tangu alfajiri, na mimi nimekaa na faili moja mezani. Ni faili la gereji ya Augustine, Tandika.

Gereji ile hutengeneza mitambo mikubwa, magreda na makatapila. Mwezi Mei mwaka jana niliipima winchi yao ya tani mbili kwa jiwe, ikashika, nikaipa cheti. Mwezi Agosti ikateleza ikiwa na injini hewani. Injini ilimwangukia opereta, Leonardi, mguu wa kushoto, na ilimkosa kidogo tu fundi mwenzake aliyekuwa amechuchumaa chini kutafuta spana. Leonardi ni mtu wa Masasi, kama miaka arobaini, mpole, mchapakazi. Mguu haukukatwa, lakini hautarudi kuwa mguu wa kutembelea.

Augustine aliniita nichunguze. Kibati cha injini kilisema kilo 1,950. Nikakaa na Leonardi kwenye benchi la hospitali na karatasi yangu. Hoja yangu ilikuwa nyepesi na nilijisikia mwerevu kuitoa: winchi iliyoshika kilo 2,500 mwezi Mei haiwezi kuachia kilo 1,950 mwezi Agosti. Kwa hiyo aliongeza mzigo. Aliacha gia boksi, au chuma kingine, kimefungwa kwenye injini.

Ripoti ninayo hapa. Mwandiko wangu ni mzuri, watu husema. Nainukuu: "Ajali imesababishwa na opereta kuzidisha mzigo. Opereta alipoulizwa hakuwa na uhakika." Augustine akamwachisha kazi kwa karatasi hiyo, na madai yake ya fidia yakafia kwenye karatasi hiyo hiyo.

Sijui jiwe lina kilo ngapi. Nimejiambia leo kutwa nzima kwamba sijui, kwa hiyo sina la kumwambia mtu.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Nimeahirisha upimaji wa watu wawili, nikasingizia barabara.

Jumanne, 15 Aprili

Vaileth: "Mzee, pale kwenye mizani ya kokoto, barabara ya Morogoro, nimeongea nao. Hata dakika tano hazifiki."

Mimi: "Na mvua hii?"

Vaileth: "Mizani yao ina paa."

Nikamwambia tutaona baada ya Pasaka. Akasema sawa, akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi. Nilikuwa namwona mjuaji. Sasa naona ni mtu anayenisubiri, na ni afadhali angekuwa mjuaji.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Njia ya Msalaba tumeifanya barabarani na manyunyu. Niliporudi nikakuta upepo umelivua jiwe turubai na lipu yote ya kona imebwagika chini. Tairi limejitokeza. Na juu yake kidogo, pale nilipodhani ni zege, kumemomonyoka na kuna la pili.

Kokuberwa alikuwa amesimama hapo na kanga kichwani. "Hilo ni tairi," akasema.

Nikamweleza yote, tumesimama kwenye matope, yeye akiokota vipande vya lipu na kuvipanga ukutani kana kwamba vitarudishwa. Nilipofika kwa Leonardi akaacha kuokota.

"Kumbe ndiyo ile wiki ya kipaimara," akasema. "Ulirudi na saruji mpaka ndani ya saa. Nikaitoa kwa njiti ya kiberiti. Nikasema mume wangu anajituma huyu."

"Nilijua ni tairi moja."

"Baba Praygod, huyo mwenye mguu anajua?"

"Hajui."

"Basi mie unaniambia ya nini? Mie si padre, na mguu wangu mzima."

Ameingia ndani. Chakula amenipakulia, hakukaa kula nami. Naona aibu ndani ya nyumba yangu, sijui niweke wapi mikono.

Jumanne, 22 Aprili

Tumelipeleka.

Didas alikuja saa mbili. Hakutania. Aliona kona, akaona sura yangu, akafunga minyororo. Mizani ya kokoto ni sahani ya chuma ambayo lori zima hupanda juu yake. Ukipima lori na mzigo, ukashusha mzigo, ukapima lori tupu, tofauti ndiyo mzigo. Hesabu ya darasa la tatu. Nimekuwa mkaguzi miaka ishirini na nimeikwepa kwa miaka kumi na moja.

Karani wa mizani, dada mmoja anatafuna karanga, alituandikia kikaratasi. Akampa Vaileth kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Vaileth akakitazama, akanipa bila kusema namba.

Kilo 1,870.

Hata tani mbili hazifiki. Winchi zote za tani mbili nilizozipa vyeti hazikuwahi kunyanyua, mbele yangu, hata ule mzigo ulioandikwa ubavuni mwake. Na lile faili la Tandika likafunguka lenyewe kichwani. Winchi ilishika 1,870 mwezi Mei. Iliachia 1,950 mwezi Agosti. Hapakuwa na gia boksi wala chuma chochote. Palikuwa na winchi mbovu, breki imekwisha, na mkaguzi aliyeijaribu kwa mzigo mwepesi kisha akaenda hospitali kumbana mgonjwa.

Nilikaa kwenye kibao cha karani. Nilitegemea Vaileth aseme si nilikuambia. Alikwenda kuninunulia maji. Tuliporudi ofisini alifungua kabati, akatoa nakala za vyeti vyote ambavyo muda wake haujaisha. Arobaini na tatu.

"Tunaanza na ipi?" akauliza.

Tumeandika barua mpaka saa kumi na moja jioni. Ya kwanza ni ya mamlaka iliyonisajili. Hiyo nimeiandika mwenyewe na nimeisaini mwenyewe, na Vaileth amesaini kama shahidi. Nilikuwa nimeikumbuka sahihi yake tangu ile fomu ya Tandale.

Jumapili, 27 Aprili

Kampuni moja ya bandarini imetuazima mifuko ya kupimia, ile inayojazwa maji, na Vaileth ana rafiki yake huko mwenye mhuri unaokubalika. Vaileth ndiye anayepima, mimi nashika bomba. Mpaka sasa winchi tisa. Saba zimeshika. Mbili zimeteleza, moja ikiwa ya lile duka la mabati la Tandale, ambako vijana hukaa chini yake wakila chipsi. Mwenye duka amenitukana mbele ya wateja. Tusi lenyewe silirudii hapa, ila lilinistahili.

Kwa Augustine bado sijakanyaga.

Jumanne, 29 Aprili

Nimekwenda Tandika. Augustine alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango wa ofisi.

"Braza, winchi ile si tulishaiuza chuma chakavu? Hii mpya pima upya, nipe cheti kipya, yaishe. Yule jamaa nasikia keshapata shughuli yake huko Tandale. Ukienda kumfukulia mambo utampa presha bure."

"Nilimwandika vibaya, Augustine."

"Na mie nilimfukuza vibaya, kwa karatasi yako. Unataka tukae wote wawili barabarani?"

Nikamwambia nitafikiri. Nikanywa soda yake. Kilichonitia aibu kuliko tairi ni kwamba nilipotoka pale nilikuwa nimefurahi. Nilitembea mpaka kituoni na moyo mwepesi, mtu mzima na mvi zangu, kwa sababu kuna mtu mwingine ameniambia ninyamaze.

Alhamisi, 1 Mei

Mei Mosi. Watu wamepita na fulana zao na mabango ya usalama kazini. Nimekaa ndani. Kokuberwa hajaniuliza kitu tangu ile Ijumaa Kuu. Asubuhi hii amenipigia pasi shati jeupe akalitundika mlangoni, na si siku ya misa.

Jumamosi, 3 Mei

Nilivaa lile shati.

Leonardi yuko sokoni Tandale, nyuma ya mashine za kusaga, anashona viroba vya mahindi vilivyopasuka. Amekaa juu ya ndoo, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele. Mvua ilikuwa imekatika na kila kitu kinatoa mvuke. Aliponiona aliweka sindano chini, akataka kuinuka.

"Shikamoo, mzee Theonest."

Mtu huyu ananiamkia. Nikaitikia, nikachuchumaa mbele yake ili asiinuke, na nikasema kabla sijapata adabu ya kuuliza habari za nyumbani. Nilimwambia jiwe, tairi, lipu, mizani. Nilimwambia niliona tangu mwanzo. Alichukua sindano yake akaendelea kushona kile kiroba mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Jiwe lilikuwa na kilo ngapi?"

"Elfu moja mia nane sabini."

"Na injini elfu moja mia tisa hamsini."

"Ndiyo."

"Sikuacha gia boksi."

"Hukuacha."

Mteja akaja na viroba vitatu, Leonardi akamwonyesha kwa mkono aviweke chini. Halafu akasema, bila kunitazama:

"Mzee, mie nilishakubali, unajua? Mie mwenyewe. Ulivyoniuliza pale hospitali mara ya kwanza, una uhakika, nikasema ninao. Mara ya pili nikasema ninao. Mara ya tatu nikasema labda. We mtu umesoma, una mhuri, unaniuliza mara tatu. Nikaona labda kweli. Nikawa naikumbuka ile gia boksi. Naiona kabisa imefungwa pale. Nilimfuata Valerian nyumbani kwake, yule aliyekuwa chini anatafuta spana, nikampigia magoti mbele ya mke wake. Nikamwambia nisamehe, nusura nikuue."

Nilidhani nimekuja kumwambia habari ya mguu wake. Kumbe nilimwekea kichwani gia boksi ambayo haikuwepo, na ameibeba miezi tisa. Na katika majibu yake matatu niliandika moja, lile la mwisho, nikalipamba kwa mwandiko.

Nikamwomba radhi. Neno lilitoka, lakini ni neno dogo.

"Nataka kuliona," akasema. "Nataka nilione likipimwa. Na Augustine awepo, na Valerian awepo, na wale mafundi wote."

Jumatatu, 5 Mei

Nimempigia Augustine, nikamwambia anachotaka Leonardi. Alikata simu. Baada ya saa nzima akapiga yeye: "Saa ngapi?"

Ijumaa, 9 Mei

Barua ya mamlaka imefika. Usajili wangu umesimamishwa mpaka uchunguzi uishe. Vaileth amefungua maombi ya kusajiliwa yeye. Nimemsaidia kujaza fomu, na kwa mara ya kwanza ameniomba nirekebishe kiingereza chake, nadhani kwa kunihurumia.

Jumatano, 14 Mei

Hakuna mvua leo, siku ya nne mfululizo. Nadhani masika imekwisha, na daftari hili nalo.

Mizani ya kokoto, saa tatu asubuhi. Augustine alikuja na mafundi wake saba kwenye pikapu. Valerian alikuwa mmoja wao, mnene, anazungusha kofia mkononi. Leonardi alikuja na mkewe, na Didas akampisha kiti cha mbele cha lori akae. Hakukaa. Alisimama na gongo lake dirishani kwa karani.

Lori likapanda na jiwe. Likashuka, likarudi tupu. Yule dada wa karanga akaandika, na safari hii Vaileth akamwambia kikaratasi ampe Leonardi. Leonardi akakisoma kimoyomoyo. Kisha akasoma kwa sauti, polepole, na alipofika kwenye sabini mkewe akashika mdomo. Valerian alikwenda kusimama karibu naye, bega kwa bega, wala hawakutazamana.

Nikatoa ripoti mpya. Nimeiandika mara nne. Niliisoma mbele yao wote, pamoja na lori lililokuwa likisubiri zamu na dereva wake. "Opereta hakuzidisha mzigo. Opereta aliulizwa mara tatu, akajibu mara mbili kuwa ana uhakika, na mkaguzi hakuandika majibu hayo. Mkaguzi alijua kasoro ya jiwe lake tangu siku ya kwanza." Augustine alitazama chini muda wote. Nilipomaliza alisema atakwenda na Leonardi yeye mwenyewe kufungua upya madai ya fidia, na alisema mbele ya mafundi, kwa hiyo imesemwa.

Nilipotaka kuweka sahihi Leonardi akazuia karatasi kwa kiganja.

"Mzee, una uhakika?"

Nikasema, "Nina uhakika."

"Una uhakika?"

Sasa wote walielewa anachofanya, hata wale waliosikia habari ya hospitali kwa mara ya kwanza leo. Dereva wa lile lori lililosubiri zamu alizima injini.

"Nina uhakika, Leonardi."

Akanisogelea kwa gongo lake mpaka nikasikia pumzi yake. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anangoja jibu kweli, kama mimi nilivyojifanya kulingoja siku ile.

"Una uhakika, mzee?"

Nikasema ninao. Sauti ilinitoka ndogo, lakini Vaileth anasema wote walisikia. Leonardi akaondoa mkono, nikasaini.